Baiskeli Nyembamba ya Dobi

Idara ya kufulia ya hospitali ilihamishiwa juu ya kilima, kilomita kumi na nne kutoka mjini, na wafanyakazi walipata habari hiyo kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa plasta ya vidonda. Sababu zilitajwa tatu: maji, nafasi, na jambo la tatu lililoandikwa kwa mwandiko ambao hakuna aliyeweza kuusoma. Usafiri haukutajwa kabisa.

Dobi alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile kwa miaka kumi na tisa. Alijua shuka la wodi ya wazazi na shuka la wodi ya mifupa kwa kulishika tu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewa, kwa sababu idara ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake na king'ora cha zamu alikuwa akikisikia akiwa bado anafunga kitambaa cha kichwa. Sasa basi la kwanza lilikuwa likiondoka saa kumi na mbili kamili, likizunguka mji mzima likiokota watu, na kumtua kilimani saa moja kasorobo. Zamu ilianza saa kumi na mbili na nusu.

Wiki ya kwanza alipewa barua ya onyo. Wiki ya pili akapewa nyingine. Msimamizi wa idara, mwanamume mfupi aliyependa kutembea na kalamu mbili mfukoni, alimwita ofisini na kumwambia kwa upole uliomuudhi zaidi kuliko kufokewa.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini kuna vyumba vya wafanyakazi hapa hapa kilimani. Wenzako wamehamia. Unalala hapa, mwisho wa wiki unakwenda kwako. Tatizo ni nini?"

"Tatizo nina mume, bosi. Na mama mkwe."

"Hao si ndio watu ambao mtu anatamani kuwaona mwisho wa wiki tu?" Msimamizi alicheka mwenyewe. Alipoona hachekewi, akaichomeka kalamu moja sikioni. "Barua ya tatu ikitoka, mimi sitakuwa na la kufanya."

*

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, lenye vioo viwili na viti viwili, ingawa mikono ya kunyoa ilikuwa ni yake tu. Kiti cha pili alikinunua akiwa na ndoto ya kuajiri mtu, na kwa miaka minane kilikuwa kikikaliwa na watu waliokuja kubishana, si kunyolewa.

Chumba cha nyuma alikuwa akikaa mama yake Kinyozi, aliyehamia kwao tangu nyonga ilipoanza kumsumbua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyanoa kwanza. Dobi alimwita Mama, akamwamkia asubuhi na jioni, akamfulia nguo zake kwa mkono baada ya kutwa nzima ya kufua kwa mashine. Lakini baina yao palikuwa na ubaridi ambao hakuna hata mmoja aliyejua ulianzia wapi. Dobi aliamini kwamba mama mkwe anamwona mzembe. Mama mkwe aliamini lake.

Jumamosi ya wiki ya pili, Dobi alirudi na kukuta kiti cha pili hakipo. Mahali pake, ikiwa imeegemezwa kwenye kioo, palikuwa na baiskeli.

Haikuwa baiskeli ya kubebea magunia. Ilikuwa ya buluu, nyembamba, yenye matairi membamba kama kidole gumba na usukani uliojikunja kuelekea chini kama pembe za kondoo dume.

"Baiskeli ya mbio," alisema Kinyozi, akifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Mteja anahama, amepata kazi mbali. Nimempa kiti, amenipa hii na kofia yake ngumu. Kilomita kumi na nne, mke wangu, kwa hii ni saa moja tu. Unaondoka saa kumi na moja na nusu. Wala huhitaji kumwomba mtu lifti."

Dobi aliangalia pale kiti kilipokuwa. Sakafu ilikuwa na alama nne za miguu yake.

"Na yule mtu utakayemwajiri?"

"Atasimama," alisema Kinyozi.

Mama mkwe alitoka chumba cha nyuma akijikongoja, akaizunguka ile baiskeli mara moja, akaminya tairi.

"Hii imeugua nini hata ikakonda hivi?" aliuliza, akarudi zake ndani.

*

Dobi alikuwa amewahi kupanda baiskeli. Alikuwa na miaka kumi, baiskeli ilikuwa ya baba yake, kubwa na nzito, naye alipitisha mguu chini ya lile bomba la juu na kuiendesha kwa upandeupande kama kaa. Hiyo ilikuwa miaka thelathini na minne iliyopita. Kinyozi alisema mwili hausahau. Jumapili alasiri walikwenda kwenye uwanja wa shule, na ndani ya dakika mbili ikajulikana kwamba mwili wa Dobi ulikuwa umesahau kila kitu isipokuwa kuanguka.

"Usitazame gurudumu!" Kinyozi alipiga kelele, akikimbia nyuma ameshika kiti. "Tazama unakokwenda!"

"Ninakokwenda kuna ukuta!"

"Basi tazama pengine!"

Watoto waliokuwa wakicheza mpira waliacha mpira wao. Mmoja akaanza kuhesabu maanguko kwa sauti, na alipofika saba wenzake wakapiga makofi. Dobi alijifuta vumbi, akakunja suruali ya mumewe aliyoivaa, akapanda tena. Mara ya nane alizunguka uwanja mzima bila kushikwa, akiwa ameng'ata meno, na alipogeuka kumtafuta mumewe akamwona yuko mbali upande wa pili, ameshika kiuno, anahema, anacheka. Kumbe alikuwa amemwachia zamani.

Kwa wiki nzima alikwenda kazini kwa lifti za kuombaomba, akafanya mazoezi kila jioni, na dukani baiskeli ikawa ndiyo mazungumzo. Kila kichwa kilichoinamishwa kwenye kiti kilichobaki kilikuwa na ushauri. Mwuza mkaa alisema kiti kipandishwe. Fundi viatu alisema kishushwe. Karani wa mahakama, ambaye hakuwa ameonekana akipanda kitu chochote maishani mwake isipokuwa ngazi, alieleza namna ya kukata kona. Lakini mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwalimu wa hesabu. Yeye aliviangalia vile vijiti viwili vidogo vilivyokaa kwenye bomba la chini, karibu na magoti, akatoa hukumu.

"Hivi visiguswe. Ni vya watu wa mashindano. Mtu asiyejua akivigusa, mnyororo unakatika, na mnyororo ukikatika barabarani ni kifo."

Kwa kuwa ni mwalimu, ikakubaliwa. Kinyozi akavifunga vile vijiti kwa kamba ya kiatu, visije vikasogea kwa bahati mbaya.

*

Jumatatu aliondoka saa kumi na moja na robo, mbingu zikianza kupauka. Kilomita kumi za kwanza zilikuwa tambarare, na Dobi alishangaa namna barabara ilivyoteleza chini yake. Aliwapita watu wakisubiri basi, akaupita ukuta mrefu wa kiwanda cha saruji ambao kwa basi ulionekana hauishi, akapita kituo cha mafuta ambako mlinzi alimpungia tochi. Akajikuta anaimba.

Kisha kilima kikaanza, na wimbo ukaisha.

Pedali zilikuwa nzito kana kwamba kuna mtu ameshika gurudumu kwa nyuma. Alisimama juu ya pedali akazikanyaga kwa uzito wake wote, moja, nyingine, moja, nyingine, mpaka magoti yakalia. Hajafika hata robo ya kilima, alishuka. Akaisukuma baiskeli kwa mkono kilomita tatu na zaidi, akipitwa na wanafunzi waliokuwa wakienda shule kwa miguu. Wasichana wawili walimwamkia kwa heshima, wakasubiri wampite hatua tano, ndipo wakacheka.

Alifika dakika mbili kabla ya king'ora. Alikuwa ameshinda, na angejisikia mshindi kama asingejiona kwenye kioo cha mlangoni. Sare nyeupe aliyoivalia nyumbani ilikuwa na alama nyeusi ya grisi ya mnyororo, kutoka gotini mpaka kwenye pindo, meno ya gia yamejichora moja moja kama mhuri wa ofisi.

Msimamizi aliliinamia doa lile.

"Dobi," alisema, "nguo yako chafu."

Wenzake kwenye mashine ya kukamulia walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa juu ya kikapu cha mashuka. Dobi naye alicheka, kwa sababu lilikuwa ni la kuchekwa. Lakini mchana, alipokuwa peke yake kwenye chumba cha kukaushia, alilisugua doa lile kwa sabuni ya magadi mpaka vidole vikauma, na halikutoka.

Siku zilizofuata alibeba sare mkobani. Jumanne alifika king'ora kikilia. Jumatano alifika dakika moja kabla. Alhamisi miguu ilikuwa imechoka, akasukuma kilima kizima, lakini aliondoka mapema akaokoka. Ijumaa mvua ilinyesha. Tope lilikuwa zito, pumzi ilikuwa imeisha, na alipolifikia geti ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa.

Msimamizi alikuwa akiitazama saa yake ya mkononi. Hakufoka. Alimkabidhi nakala ya barua ya tatu, ambayo tayari ilikuwa imepigwa chapa.

"Sijaitia sahihi," alisema. "Jumatatu asubuhi utakuja na jibu. Unahamia chumbani, au naitia sahihi. Na hiyo baiskeli, dada yangu, waachie vijana. Unajiaibisha bure."

*

Jioni ile Kinyozi aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaikunjua.

"Labda tukishusha kiti," alisema.

"Kimeshushwa! Kimepandishwa! Kimeshushwa tena!" Dobi alikaa kwenye ngazi ya mlango, amenyoosha miguu mbele kama mbao mbili. "Mume wangu, mimi nimechoka. Nitakwenda kukaa huko. Watu wanakaa. Mwisho wa wiki nitarudi."

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake ukumbini, anatazama ukuta. Ukimya wake ulimpanda Dobi kichwani. Labda ni uchovu, labda ni wale wasichana wawili wa shule, labda ni yale maneno ya msimamizi.

"Na wewe Mama," alisema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia, "sasa umefurahi? Utabaki na mwanao. Nyumba itapumua."

Mama mkwe alijishika kwenye meza, akainuka polepole, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa taratibu kubwa, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Hiyo haikuwa nzuri," alisema Kinyozi kwa sauti ya chini.

"Najua," alisema Dobi, akafunika uso kwa mikono.

*

Asubuhi ya Jumamosi aliamshwa na sauti ya chuma. Trrrr, ikanyamaza. Trrrr, ikanyamaza. Alitoka akifunga khanga kifuani, akakuta duka bado halijafunguliwa na baiskeli imepinduliwa katikati ya sakafu, magurudumu juu. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, miwani puani, mkono mmoja kwenye pedali. Kinyozi alikuwa amesimama kando amevaa fulana ya ndani, kama mtoto aliyekamatwa na kosa.

"Nani amefunga kamba hapa?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka.

"Mimi, Mama. Mwalimu wa hesabu alisema..."

"Lete mkasi."

"Mama, mnyororo ukikatika..."

"Wewe kinyozi au si kinyozi? Nimekuambia lete mkasi."

Mkasi ukaja. Kamba ya kiatu ikaanguka. Mama mkwe alizungusha pedali kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akakivuta kijiti kimoja, taratibu, huku ameinamisha sikio. Mnyororo ulisitasita, ukakwaruza, kisha ukaruka kutoka kwenye duara kubwa la mbele ukadondokea kwenye dogo. Akavuta kijiti cha pili. Kwa nyuma mnyororo ukapanda ngazi ya meno, moja, mbili, tatu, nne, mpaka ukatua kwenye duara kubwa kuliko yote. Haukukatika. Sauti yake ikabadilika, ikawa nyepesi.

"Njoo hapa," alimwambia Dobi. "Zungusha."

Dobi alichuchumaa akazungusha. Pedali ilikwenda kama haijafungwa na kitu.

"Sasa ngoja." Mama mkwe alivirudisha vijiti. Mnyororo ukapanda mbele, ukashuka nyuma. "Zungusha."

Ulikuwa ni ule uzito. Ule ule, alioujua kwa magoti yake.

"Nilifanya kazi kiwanda cha nyuzi miaka ishirini na sita," alisema mama mkwe. "Mashine yangu ilikuwa na magurudumu tisa ya meno. Uzi mzito unataka mwendo mdogo, uzi mwembamba unataka mwendo mkubwa. Unabadilisha gurudumu. Usipobadilisha, unaua mashine." Alivua miwani. "Mwanangu, wiki nzima umekuwa ukipanda ule mlima kwa gia ya kuteremkia. Mimi hata sijui ulifikaje juu. Dume la ng'ombe lingelala njiani."

Dobi alibaki amechuchumaa. Hakujua acheke au alie, akaanza na kucheka, na ya pili ikafuata yenyewe.

"Mama, ulijua?"

"Nilishuku. Usiku uliopita sikulala, nikaona bora niangalie."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Mama mkwe aligeuka kumtazama mwanawe. "Mwuza mkaa aliulizwa. Fundi viatu aliulizwa. Kila mwenye kichwa cha kunyolewa mji huu aliulizwa. Mimi niko chumba cha nyuma."

Kinyozi aliutazama mkasi uliokuwa mkononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Na zaidi ya hapo," mama mkwe aliendelea, sauti imepungua, "nilidhani unatafuta njia ya kuhama. Nilijua nimekuja kukubana kwako. Nikasema, kama anataka kwenda, nisimzuie kwa maneno. Tena ukaniletea baiskeli ndani ya nyumba kila jioni unalalamika miguu, nikasema huyu anatafuta sababu."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unataka niondoke."

"Nani atanifulia?" alisema mama mkwe, na hapo hapo akaona lilivyotoka. Akamshika Dobi mkono, ule wenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni. "Sikumaanisha hivyo. Nataka ukae. Sina maneno mazuri, ndiyo hayo."

"Na mimi jana nilikosa adabu, Mama. Nisamehe."

"Yamekwisha. Geuza hicho chombo, twende nje ukajifunze kubadilisha ukiwa unaendesha. Wewe," alimwambia mwanawe, "beba kigoda changu."

*

Walifanya mazoezi siku mbili kwenye uwanja wa shule. Mama mkwe aliketi katikati akisikiliza mnyororo, akipaza sauti kila unapokwaruza: "Bado! Kanyaga kwanza, ndipo uvute! Usiubadilishe ukiwa umebanwa, ubadilishe kabla!" Wale watoto wa mpira walirudi, wakakosa cha kuhesabu, wakaondoka.

Jumatatu, chini ya kilima, Dobi alivuta vijiti vyote viwili kabla barabara haijaanza kuinuka, kama alivyofundishwa. Miguu ikaanza kuzunguka haraka, baiskeli ikapunguza mwendo, na kwa muda alihisi ujinga, kama mtu anayekimbia mahali pamoja. Lakini haikusimama. Alikaa juu ya kiti. Alipumua. Aliwafikia wanafunzi na, ingawa hakuwapita kwa kasi ya kuogopesha, aliwapita. Wale wasichana wawili walimwamkia.

"Marahaba," alijibu, na akabakiwa na pumzi ya kuongeza, "mnachelewa!"

Katikati ya kilima palikuwa na mahali pakali, karibu na mti uliopakwa chokaa, na hapo jasho lilimwingia machoni, mapaja yakawaka moto, akataka kushuka. Akahesabu mizunguko kumi. Akahesabu mingine kumi. Katika kumi ya sita mti ulikuwa nyuma yake.

Geti la idara lilikuwa bado limefungwa. Mlinzi alikuwa anapiga mswaki, akamfungulia. Dobi alikaa juu ya ngazi akala mkate wake, akabadili nguo, na msimamizi alipofika na kalamu zake mbili alimkuta ameshapanga vikapu vya wodi ya mifupa.

"Umekuja na nini?" aliuliza msimamizi, akiangalia barabarani kutafuta gari.

"Na miguu, bosi."

Msimamizi aliitazama baiskeli, akaitazama sare iliyokuwa nyeupe tupu, akaitazama saa yake. Akafungua daftari la mahudhurio.

"Niandike saa ngapi?"

"Andika uliyoiona."

Aliandika saa kumi na mbili na dakika ishirini, yaani muda aliofika yeye mwenyewe. Barua yenyewe alichelewa kidogo kuitoa mfukoni, kisha akaichana vipande vinne na kuvitia kwenye ndoo ya taka, akionekana mtu aliyetuliwa mzigo. "Mke wangu naye anasema anataka baiskeli," alisema kwa haraka. "Nilimkataza. Nitamwambia aje akuone."

Jioni ile Kinyozi alikuwa na kichwa cha mwalimu wa hesabu mikononi, na alikuwa akimsimulia habari za duara kubwa na duara dogo kwa kirefu, kana kwamba amezigundua yeye. Ndani, Dobi alikuwa amelala chali kwenye mkeka, na mama mkwe alikuwa akimkanda vigimbi vya miguu kwa mafuta ya uvuguvugu, kwa vidole vigumu vilivyozoea nyuzi.

"Kilima nimekisikia," alisema mama mkwe. "Na kurudi je?"

"Kurudi?" Dobi alicheka. "Mama, kurudi sikukanyaga pedali. Nimetoka getini, nikaushika usukani, barabara ikanichukua. Upepo uliingia mikononi mwa blauzi, nikavimba kama pazia. Nimelipita lori. Dereva akapiga honi, nami sikuwa na mkono wa kumpungia. Machozi yananitoka, si ya kulia, ya upepo. Kwenye kona ile ya chini nikapiga yowe."

"Yowe la woga?"

"La raha, Mama. Sikujua kama ninalo."

Mikono ya mama mkwe ilikuwa imesimama. Miaka ishirini na sita alikuwa ameendesha magurudumu ya chuma na hakuna hata moja lililompeleka mahali. Akachovya vidole kwenye mafuta, akaushika mguu wa pili.

"Anzia tena pale getini," alisema. "Polepole."